Vidole Vyako Haviumwi, Feza

Feza mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda kuaga kwa mdogo wake, nami nimebaki na kalamu ya dukani na daftari nililolichana kurasa za katikati. Mambo ya njiani mama yako amekwisha kukuambia yote: maji ya kunywa, koti la mvua, na kumkataza motari wa pikipiki asikimbie kwenye matope ya mteremko. Kwa hayo sina la kuongeza. Ninaandika juu ya jana.

Jana mchana nilikuambia upige gitaa la besi nikusikilize kabla hujatoka hapa Kabambare kwenda Kasongo. Ulianza vizuri, ukitabasamu, halafu uso ukabadilika. Noti moja ya wimbo ilitoka kubwa, ya pili ikamezwa, ya tatu ikagonga kwenye bafle, kasha la spika, mpaka kuku wakakimbia uani. Uliacha kupiga, ukaugeuza mkono wako wa kuume na kuutazama.

"Baba, vidole yangu iko na nini?"

"Pengine umechoka, mama," nikakujibu.

"Sikuchoka. Hii sauti haiko yangu."

Ukamwendea mama yako jikoni. Akakushika paji la uso, akasema ni malaria inaanza, na hutapanda pikipiki ya safari ndefu na malaria mwilini. Akakupa vidonge. Mimi nilikuwa mlangoni, nikakuona ukimeza dawa ya ugonjwa usio nao, na sikufungua kinywa. Nimejichukia mara nyingi maishani mwangu, lakini jana nilijiona kinyaa kabisa, kama mtu anayekuta funza kwenye nyama aliyokwisha kula nusu.

Vidole vyako haviumwi. Vile vidonge vilivyobaki usivimeze.

Kabla hujaingia nilikuwa nimechomoa nyaya za kile kisanduku cha chuma na kukiacha pale pale usishtuke, kile chenye vifungo vinne vya kuzungusha na kitufe cha kukanyaga kwa mguu, kilichokaa kati ya gitaa lako na ampli ya kupaza sauti tangu ulipoanza kujifunza. Nilikuambia kazi yake ni kuondoa kelele za jenereta. Ni uongo. Kelele za jenereta kinaziongeza, na mtu yeyote mwenye masikio angeniuliza, lakini wewe uliniamini kwa kuwa mimi ni baba yako.

Kile kisanduku kinaitwa kompresa. Sauti ya gitaa inapita humo kabla ya kufika kwenye ampli. Ukipiga kwa nguvu, kinaibana. Ukipiga kwa unyonge, kinaiacha, halafu mwishoni kinapandisha yote pamoja, na noti ya unyonge inatoka karibu sawa na ile ya nguvu. Ndani yake kuna na limita, ambayo yenyewe haina mchezo: unaiwekea mpaka, sauti ikifika pale inakatwa, haipiti, ili karatasi ya spika isipasuke. Ndiyo maana miaka minane noti zako zimetoka zimelingana kama maandazi ya sahani moja. Hukuwa ukizilinganisha wewe.

Na mimi nilikuwa nakaa pale kwenye kiti, wateja wakisikiliza kutoka dukani, nasema, "Huyu ana mkono wangu." Maneno hayo nimeamka nayo. Leo asubuhi mama yako ameniuliza mbona bugali yangu imebaki sahanini.

Sasa nikuambie huo mkono wangu ulikuwaje.

Wewe ulikuwa na miaka minne. Tuliishi Kasongo, nikapiga besi katika orkestra moja ya harusi. Tuliitwa na Waislamu, tuliitwa na Wakristo, wote walitulisha vizuri. Mkono wangu ulikuwa mbaya. Kidole cha shahada kizito, cha kati kivivu, na wimbo ukifika nusu nilianza kuchoka, na besi ikichoka watu wanarudi kwenye viti. Nilijua. Wenzangu nao walijua, wakaninyamazia kwa sababu gitaa lilikuwa langu.

Halafu akaja mchimba dhahabu mmoja aliyetoka pande za Bukavu, akiwa na kile kisanduku kwenye mfuko wa unga. Alidhani ni kitu cha kuchajia simu, na kilikuwa kimekataa kuchaji. Nikambadilishia na baiskeli yangu. Mama yako hakusema nami siku mbili, akawa anaenda sokoni kwa miguu na wewe mgongoni.

Nilikizungusha vifungo wiki nzima bila kujua ninachofanya. Mara ya kwanza kilinifanya nisikike kama uji. Kumbe kifungo cha pili kinaamua kompresa inaamka upesi namna gani, na mimi nilikuwa nimeiweka iamke papo hapo, ikawa inalikamata pigo la kidole kabla halijatoka. Nilipoichelewesha kidogo, pigo likapita kwanza, kisha kubanwa kukafuata, na besi ikapata kifua. Hilo nakuambia ulishike, ni la kweli na litakusaidia. Mengine niliyojifunza na kile kisanduku ni takataka.

Nilikifunika na kipande cha kitenge cha mama yako, nikawaambia wenzangu ni kwa ajili ya vumbi. Jumamosi hiyo watu hawakukaa. Mzee mmoja alikuja kunishika mkono, akaugeuza kiganja juu akitafuta siri, akasema, "Huyu mutu iko na mukono." Nikamwachia ausifu. Hata nikauacha mkono wangu ndani ya mkono wake zaidi ya ilivyopaswa.

Katika orkestra kulikuwa na mpiga besi wa pili, kijana kuliko mimi, jina lake Shabani. Desturi yetu ilikuwa hivi: mimi napiga mpaka chakula, yeye anashika baada ya chakula, gitaa lile lile, ampli ile ile. Kwa hiyo na yeye sauti yake ikawa inapita kwenye kisanduku bila yeye kujua. Na Shabani, Feza, alikuwa na mkono wa kweli. Mkono wa kweli ukipita kwenye kompresa iliyowekwa vizuri, hakuna mtu anayebaki kwenye kiti. Wazee waliacha nyama kwenye sahani. Mimi nilikuwa nimekaa na soda yangu, nikiona kitu changu kinampamba yeye kuliko kinavyonipamba mimi, na wivu ukanipanda mpaka shingoni.

Nikaanza kukikanyaga. Nikimaliza zamu yangu, wakati wa kumpa gitaa, mguu wangu unapita chini ya kitenge, unabonyeza, kisanduku kinalala. Yeye anapiga akiwa uchi na hajui. Mkono wake ulikuwa unaongea, mara chini, mara juu, kama mtu anavyoongea, lakini masikio ya watu yalikuwa yamekwisha kuzoea ulaini wangu wa uongo. Wakaanza kusema Shabani anatwanga.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mbaya wa kawaida. Sikuishia hapo. Baada ya miezi alikuja nyumbani asubuhi, akakaa kwenye mkeka wetu, ukampanda magotini, akaniambia, "Kaka, mukono yangu inaharibika. Unisaidie." Nami nikamsaidia. Kila Jumatatu nilimfundisha, mimi, yeye! Nikamwambia hapa unapiga sana, hapa umelegea, na alikuwa anaitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka, akirekebisha kitu ambacho hakikuharibika. Kufika mwisho alikuwa anapiga kwa woga, na woga wake ulikuwa mafundisho yangu. Jana uliponiuliza vidole vyako viko na nini, nilimsikia yeye.

Halafu tuliitwa kwenye harusi hapa hapa Kabambare. Tulikuja na pikipiki nne, vyombo vimefungwa kwa kamba za mpira. Uwanja ulikuwa mkubwa, nikaipandisha ampli juu sana, bila hofu, maana limita ilikuwa inanilinda: hata ningepiga kwa ngumi, kilele kingekatwa kabla ya kufika kwenye spika. Baada ya chakula nikampa Shabani gitaa, mguu ukafanya kazi yake. Sikufikiri. Ampli ilikuwa juu vile vile, na mlinzi nimemlaza.

Bibi harusi alipoingia mara ya pili amebadili nguo, watu wakapiga vigelegele, na Shabani akasahau woga wake. Akaivuta kamba nene ya gitaa kwa furaha, kama zamani. Karatasi ya spika ikapasuka kati, tukasikia kitu kama mbuzi anayekohoa, halafu hakuna besi tena. Harusi ya watu, bibi harusi amesimama katikati ya uwanja, na orkestra inalia kama redio ya mfukoni.

Kiongozi wetu aliuliza nani. Wote wakamtazama Shabani. Na mimi sikunyamaza, Feza. Ninapenda ujue kwamba sikunyamaza, kwa sababu watu wanasamehe mtu aliyenyamaza. Nilisema, "Mukono yake iko ya nguvu. Nilimuambiaka mara mingi." Wakamfukuza pale pale, mbele ya wakwe, mkanda wa gitaa bado uko begani mwake. Hawakumpa nafasi kwenye pikipiki. Alirudi Kasongo na wafanyabiashara wa baiskeli, akisukuma mzigo wa mtu mwingine.

Usinipambe ukidhani niliacha muziki kwa majuto. Nilipiga mwaka mwingine mzima na mkono wa kisanduku, nikasifiwa, nikala. Orkestra ilivunjika kwa ugomvi wa waimbaji, basi. Tukahamia huku, kwa nduguze mama yako, nikafungua duka, nikalima mihogo, na kisanduku kikaingia chini ya kitanda.

Ulipofika miaka kumi na moja ukachukua gitaa mwenyewe ukutani. Nilikaa nikusikilize, na ulikuwa unapiga kama watoto wote wanavyopiga, yaani vibaya. Jirani alikuwa kwenye baraza. Nikaona haya. Nilishindwa kuvumilia mwaka mmoja wa kumsikia mtu akijifunza, mtu huyo akiwa mtoto wangu. Nikainama chini ya kitanda. Kuanzia siku ile kila mkono wako ulipokosea, kisanduku kiliomba radhi kwa niaba yako, na wewe hukupata nafasi ya kusikia kosa lako ulirekebishe. Nilitaka sifa za haraka. Huo ndio ualimu wangu.

Siku hizi hata nyimbo za kwenye simu zinanikera. Wamezibana zote, chini hakuna, juu hakuna, mtu ananong'ona kwa nguvu sawa na anayepiga kelele. Motari wanazifungulia spika ndogo kutoka hapa mpaka Wamaza na hakuna anayechoka. Nawalaani moyoni, kisha nakumbuka nilichofanya ndani ya nyumba yangu, nafunga mdomo.

Mwezi uliopita ulijirekodi na simu ukatuma Kasongo, kwa ile orkestra inayotafuta mpiga besi. Ulinisikilizisha jibu ukirukaruka: "Huyu mutoto iko na mukono yenye kutulia. Akuje tumusikie." Sikuitambua sauti, miaka ni mingi. Siku tano zilizopita ndipo uliponiambia jina la kiongozi, tulipokuwa tunapanga sabuni dukani.

"Anaitwa Papa Shabani. Anasema zamani alipigaka besi, lakini mukono ilimukatala."

Nilikuambia nimesahau kitu nyuma, nikatoka. Nilisimama kwenye ua kama mtu aliyepigwa, mpaka mama yako akauliza kama ninatafuta kuku.

Hakujua wewe ni mtoto wa nani. Alikuchagua kwa sauti ya kisanduku. Jumapili utaingia kwake, watakuchomeka moja kwa moja kwenye ampli, na atasikia kile ulichosikia jana. Utamwambia unaumwa. Atakutazama, naye anakumbuka vizuri mtu anavyokuwa anaposema mkono wake umeharibika. Ndiyo sababu jana nilikichomoa. Nilitaka kusikia atakachosikia. Na nilipokisikia nikaogopa, nikakuacha uende kwa mama yako.

Nikuambie nilichosikia, bila sukari. Kidole chako cha kati ni dhaifu. Kamba nene unaipiga kupita kiasi kwa sababu hujawahi kulipishwa kwa kosa hilo. Ukienda haraka unakaza bega. Lakini kwenye kile kipande cha polepole, kabla hujashtuka, ulishusha sauti kwa makusudi noti nne zilizofuatana, ukaziacha zife taratibu. Kumbe umekuwa ukifanya hivyo siku zote, na kisanduku kilikuwa kinazipandisha zilingane na nyingine. Miaka minane sijawahi kuzisikia. Sijui kama zilikuwa nzuri, masikio yangu nimeyaharibu mwenyewe. Ninajua kwamba zilikuwa zako.

Fanya hivi. Piga gitaa likiwa kavu, bila ampli, pembe yake umeiegemeza kwenye mbao ya mlango, na sikio karibu na mbao. Utasikia yote. Piga noti moja mara ishirini mpaka zifanane kwa mkono wako, halafu piga mara ishirini zisifanane, moja chini moja juu, kwa kupenda kwako. La pili ni gumu zaidi. Usipige kwa nguvu eti usikike, kusikika ni kazi ya ampli. Itakuchukua miezi na kuna siku utatamani kunitukana, unitukane.

Kompresa yenyewe usiichukie. Haikumfukuza mtu. Mkono ukikomaa, ukiipata, ipe kazi ndogo, ishike tu zile noti zinazoruka, nyingine ziache zipite. Na limita, pahali penye spika, iweke kila mara. Kulinda spika ya watu hakuna aibu. Ila iweke juu ya ampli, mbele za watu, na atakayepiga baada yako umwoneshe: hii iko hapa, inafanya hivi, usiizime bila kushusha ampli. Mimi sikusema maneno hayo mafupi.

Nilifikiri nimuandikie Shabani barua, wewe uibebe. Nikaiandika nusu. Halafu nikajiona tena: mtu mzima anamtwisha mtoto wake wa kike uchafu wake, aupeleke kwa miguu yake mpaka Kasongo. Nikaichana. Leo asubuhi nilipanda kule nyuma ya ofisi ya serikali ya teritwari ambako rezo ya simu inashika, nikampigia kwa namba niliyoinakili kwenye simu yako.

Nilimwambia jina langu, na kwamba wewe ni mtoto wangu. Akafurahi, mwanangu. Aliniita kaka. Ilibidi nimkatize furaha yake. Nikamwambia yote, kisanduku, kitenge, mguu wangu, Jumatatu zile, spika. Nilipomaliza rezo ikakwaruza.

"Uko?"

"Niko," akasema. Halafu, "Kumbe mukono yangu haikukuwa mubaya?"

"Haikukuwa mubaya. Ilipitaka yangu mbali."

"Rudilia."

Nikarudia. Nyuma yake nilisikia watoto wanacheza. Gitaa hajalishika tangu harusi ile. Anaongoza wengine, yeye anapiga makofi ya kuhesabia. Aliniambia hayo bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira.

Kisha akasema, "Mutoto akuje. Kosa haiko yake, tutaanza naye chini. Lakini asilete kile kisanduku. Na asiniletee salamu yako." Akakata.

Kisanduku kinabaki hapa. Kwetu barua haifungwi bila kusalimu watu wa kule mtu anakokwenda, nami nimeuandika mstari huo mara mbili na mara mbili nimeufuta. Ukifika, msalimie Papa Shabani kwa jina lako tu.

Baba yako